Kufuli kwenye Kompyuta ya Mtarizi

Foleni ya wateja kwa mafundi wa kompyuta ilifika hadi kwenye ngazi. Mtarizi, gauni lake la njano limejaa maua ya uzi shingoni, alikumbatia kompyuta yake kama mtoto mgonjwa. Mwanaume aliyekuwa mbele yake, shati limekosa kifungo, akampisha.

"Pita, dada. Mimi nimetoka kununua waya tu, narudi mezani kwangu."

Kumbe ndiye fundi.

"Nimeweka programu mpya ya kuchora, ya kutarizi imegoma," mtarizi akalalamika.

"Zote mbili zinategemea kifurushi kimoja cha programu saidizi. Mpya inataka toleo jipya, ya zamani inataka la zamani. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yako, imekataa kuweka matoleo hayo pamoja."

"Kama wake wenza!"

"Basi tuwajengee nyumba mbili."

Akaitengea programu ya kutarizi sehemu yake, na toleo lake la zamani. Kisha akalifunga toleo hilo, lisije likabadilishwa.

Jumamosi zikaanza kuwa tamu. Fundi akija kumtembelea, alikuwa akifagia nyuzi chini ya cherehani bila kuombwa. Siku moja mtarizi alimshonea kifungo shati likiwa mwilini.

"Tulia, nisikuchome."

"Mbona ulishanichoma siku nyingi?"

Fundi alipoitwa kazi ya wiki tatu mji mwingine, aliahidi kurudi na shangazi zake, waje kuposa.

Wiki ya pili, mume wa dada yake mtarizi aliichungulia kompyuta.

"Shemeji, huyu fundi wako kakufungia. Ukitaka chochote, lazima umpigie magoti."

Mtarizi akaiweka sindano chini. Mume wake wa zamani alikuwa akifunga hata kabati la nguo na kutembea na ufunguo. Akampigia fundi simu.

"Malkia wangu! Nilikuwa nakuwaza—"

"Umenifungia kompyuta?"

"Kifurushi kimoja tu, mpenzi, kisije—"

"Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukuchosha na mambo ya ufundi."

"Yule wa kabati naye hakutaka kunichosha. Shangazi zako wasije!"

Akakata. Shemeji akafungua kufuli, akasasisha kila kitu. Programu ya kutarizi ikafa, na michoro ya miaka kumi na moja ikakataa kufunguka. Shemeji akakumbuka ghafla kwamba anasubiriwa mahali.

Ilibidi mtarizi ameze aibu na kupiga simu tena. Fundi aliporudi mjini alikuja, begi begani, shati limepigwa pasi. Hakugusa kibodi hata mara moja.

"Andika wewe. Amri hii inaonyesha kilichofungwa. Hii inafungua. Hii inarudisha toleo la zamani."

Kila hatua fundi aliiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana alijua mtarizi huona haya kuvaa miwani mbele ya watu. Baada ya saa tatu michoro ikafunguka yote.

"Nisamehe," mtarizi akasema. "Nilisikiliza maneno ya watu."

"Na mimi nilipaswa kukuambia. Hilo ni kosa langu."

"Basi shangazi zako..."

Fundi akafunga zipu ya begi polepole.

"Uliniweka fungu moja na yule bwana kabla sijamaliza sentensi. Kila nitakapofunga mlango wa nyumba yetu, utaniangalia hivyo hivyo. Nakupenda, lakini sitaweza."

Akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Mtarizi alivaa miwani, akasoma karatasi hadi chini. Mstari wa mwisho ulikuwa namba ya simu. Haikuwa ya fundi. Kando yake alikuwa ameandika:

"Ukikwama, mpigie huyu. Ni mpole, na haoni shida kueleza."