Elisi Inayofaa Boti ya Guelor

Guelor na mke wake Mutale wanaishi Lubumbashi, katika mtaa wa Katuba. Guelor ana boti ya moteri kule Kasenga, kwenye mto Luapula. Inabeba watu na vikapu vya samaki. Kila akirudi nyumbani, nguo zake zinanuka samaki, lakini binti yake mdogo, Simone, anamrukia hivyo hivyo.

Mama yake Mutale anaitwa Chanda. Anaishi kwenye kisiwa kimoja cha mto huo. Ukungu ulifunika macho yake yote mawili. Daktari aliyepita kisiwani alisema: “Ni mtoto wa jicho. Wakimpasua Lubumbashi, ataona tena.” Chanda alikuwa hajawahi kuona sura ya mkwe wake wala ya mjukuu wake.

Siku moja, boti ya Guelor iligonga jiwe. Elisi ikavunjika. Elisi ni lile panga linalozunguka ndani ya maji na kusukuma boti. Guelor akanunua nyingine sokoni.

“Hii iko na nguvu,” muuzaji alimwambia. “Boti itaruka!”

Kweli, boti ikiwa tupu ilikimbia sana. Guelor akafurahi, akaenda kumchukua mama mkwe wake ili apasuliwe macho Lubumbashi. Abiria wengine walipanda pia, na mizigo yao. Hapo moteri ikaanza kukoroma kwa shida, kama mtu anayepanda kilima na gunia kichwani. Guelor aliongeza mafuta. Boti haikuongeza mwendo. Katikati ya mto, moteri ikapata joto kali, ikazimika.

Maji yakaanza kuwabeba. Chanda hakuona kitu. Alisikia tu watu wakilia.

“Mukwe! Uko wapi?”

Kwa heshima, Guelor hakuwahi kumshika mama mkwe wake mkono. Siku ile alimshika.

“Niko hapa, mama. Usiogope.”

Wavuvi waliwavuta kwa mitumbwi yao mpaka kisiwani. Chanda alishuka.

“Mi siingie tena mu bwato ya moteri,” alisema. “Muniache na haya macho yangu.”

Guelor alirudi Lubumbashi. Hakugusa bukari, ule ugali aliopikiwa. Mutale akaketi karibu naye.

“Baba Simone, haikukuwa roho mubaya. Ulikuwa unataka mama afike mbio. Twende kwa Mama Rachida.”

Mama Rachida ni jirani yao. Anauza vipuri vya moteri. Baba yake alitengeneza boti huko Kalemie, naye akajifunza kwake. Guelor alimletea elisi zote mbili, ile iliyovunjika na ile mpya. Mama Rachida alizipangusa kwa kitambaa.

“Angalia, Baba Simone. Hapa katikati ziko namba mbili. Ya kwanza ni upana wa elisi. Hizi zote ziko sawa. Ya pili ni hatua.”

“Hatua ya nini?” Mutale aliuliza.

“Bisi, ile musumari ya kuzungusha, ikizunguka mara moja mu mbao, inaingia kidogo, si njo vile? Elisi pia, ikizunguka mara moja, inasonga mbele mu maji; ule mwendo unaitwa hatua. Ile ya zamani hatua yake ni inchi kumi. Hii mupya ni kumi na mbili. Hatua kubwa ni muzuri kwa boti nyepesi. Boti yako inabeba bantu na mizigo. Moteri inachoka, inapata moto.”

“Basi kubwa haina muzuri zaidi?” Guelor aliuliza.

“Hapana. Muzuri ni ile inafaa. Na ndogo sana pia ni mubaya: moteri itazunguka kupita kiasi, itaharibika. Kitabu ya moteri inasema izunguke mara ngapi kwa dakika ukifungua mafuta yote. Pakia mizigo ya kila siku, jaribu pembeni ya mto, pima mizunguko. Angalia pia meno ya hapa ndani. Yasipolingana na ya moteri, haitaingia.”

Alimchagulia elisi ya aluminiamu yenye hatua kumi na meno yale yale.

“Kabla ya kuigusa, zima moteri na toa ufunguo,” aliongeza. “Na usisafiri bila kasia na jilet za kuelea, za kuokoa bantu.”

Guelor alifanya yote. Pale Kasenga alipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria wake, akajaribu boti karibu na ukingo. Moteri ilizunguka kama kitabu kilivyosema. Sauti yake ilikuwa laini.

Mutale mwenyewe alikwenda kisiwani kwa boti hiyo. Alimvalisha mama yake jilet, akamfunga kamba zake polepole.

“Mama, sikiliza moteri. Haikorome tena.”

Chanda alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaingia. Njia yote aliegemea bega la binti yake. Boti ilivuka vizuri, na abiria wote na mizigo yao.

Lubumbashi, madaktari walimpasua. Bandeji zilipoondolewa, Chanda alipepesa macho. Simone alikuwa mbele yake, ameweka kidole mdomoni.

“Ni huyu?” Chanda aliuliza kwa sauti ndogo. “Huyu njo mujukuu yangu?”

Alimpakata, akamtazama bila kuchoka. Baadaye aliinua macho.

“Na ule anasimama ku mulango, anapangusa machozi?”

“Ule njo Guelor, mama.”

“Mumwambie aingie,” alisema Chanda. “Mi nilikuwa najua sauti yake tu.”