Jina la Tano kwenye Leseni

Kitanda cha Afnan kilikuwa na joto. Si jambo la kupigia kelele, ila Afnan alikuwa akihudumia wazee zamu ya usiku, akirudi asubuhi, na kitanda alichokitandika tangu jana kilikuwa na joto kama mkate ulioepuliwa sasa hivi.

Akadhani ni tamaa za mwenye nyumba, Bi Hasina, mama yake mdogo. Nani asingedhani? Dallas nzima inamjua Hasina: angepangisha hata kabati, bora liwe na kitasa.

"Mama mdogo, kuna mtu unamlaza kitandani kwangu nikenda kazini?"

"Mie? Nife hapa niliposimama! Nikufanyie hivyo wewe, mtoto wa dada yangu?"

Mwaka huo, 2004, kitongoji chao kilileta sheria: anayepangisha vyumba kwa watu mbalimbali achukue leseni, wakaazi waandikwe majina, wasizidi watano. Hasina akakusanya vitambulisho. Afnan akampa chake bila kuuliza. Kwao Lamu mkubwa akikuomba karatasi, unampa. Walikuwa watano kamili: Hasina, mumewe Riyadh, Zaki dereva wa lori, Nderitu fundi wa kompyuta, na Afnan.

Inspekta wa leseni alipokuja mara ya kwanza, dirisha lilipasuka mbele yake, wala hapakuwa na mtu karibu. Mara ya pili jikoni pakanuka nywele zinazoungua, na jiko limezimwa. Barua ikaja: wakishindwa mara ya tatu, nyumba inafungwa, watoke wote.

Ndipo mambo yalipozidi. Afnan amelala mchana, mapazia yamefungwa, akasikia godoro likibonyea nyuma ya mgongo wake, polepole, kama mtu anayejilaza asitake kumwamsha mwenzake, kisha harufu ya udi uliolowa maji ikamjia shingoni, na pumzi, na ndani ya pumzi ile sauti yake mwenyewe Afnan, ile ile ya kikwao, ikinong'ona kama mtoto anayejifunza somo, "Mimi Afnan, mimi Afnan," naye ulimi umekuwa mzito, hata bismillahi haitoki.

Alimweleza Hasina. Hasina akamwambia ni uchovu, anywe maji ya tangawizi.

Siku ya ukaguzi wa tatu, Afnan aliporudi kutoka kazini alimkuta inspekta anatoka, anatabasamu. Leseni ilikuwa imeshabandikwa ukutani.

"Watano wote nimewaona," inspekta akasema. "Na wewe ni mgeni wao?"

"Mimi ndiye Afnan."

Akacheka. "Afnan nimetoka kuzungumza naye chumbani. Kanionyesha na kitambulisho."

Akaenda zake. Hasina hakuinua macho.

"Alikuwamo humu kabla yetu," akanong'ona. "Alitaka aandikwe, la sivyo tunafukuzwa sote. Na nafasi ni tano, mwanangu. Riyadh ni mume wangu. Zaki na Nderitu wangenishtaki. Wewe ni damu yangu, nikajua utanisamehe."

"Umempa jina langu?"

"Punguza sauti! Atakusikia."

Chumbani mlango ukafungwa kwa ndani, taratibu, kama mtu anayetaka kubadili nguo.

Afnan akakimbia hadi kituo cha mafuta, akanunua kadi ya simu, akapiga Lamu.

"Mama, ni mie. Afnan."

Akamsikia mamake akiwaambia watu wa sebuleni, kwa kutetemeka: "Ndilo hili! Hasina alinipigia, akasema jini litakuja na sauti ya mwanangu!"

"Mama, nisikilize, mama yangu—"

Mamake akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Akaisoma yote, akairudia, sauti ikimpasuka, akihema kama mtu anayekimbizwa.

"Bado upo, laana we?"

Afnan aliwaza presha ya mamake. Akakata simu yeye.

Kule Lamu wakapiga vigelegele: limetoka, limekimbia.