Miguu Iliyopigiwa Makofi

Maiti ilikuwa imelala chali juu ya kitanda cha kuchulia, imefunikwa taulo mpaka kifuani, na miguuni imevalishwa viatu vipya vya mbio.

Viatu hivyo ndivyo vilivyomkera Inspekta kwanza. Mlangoni alikuwa ameshaelezwa habari za marehemu. Alikuwa fundi umeme, akaanguka kutoka juu ya nguzo, akaumia uti wa mgongo karibu na shingo, na tangu siku hiyo hakuhisi kitu kuanzia kifuani kwenda chini. Miaka mitatu alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Sasa viatu vya mbio vya nini?

"Vya kuwapa watu imani," alisema mwenye nyumba ile ya tiba. Alivaa koti jeupe lisilo na doa, na mtaa mzima ulimwita Profesa, ingawa hakuna aliyewahi kusikia chuo alichosoma. "Leo nilikuwa narekodi maendeleo yake. Mishipa ilishaanza kuamka."

"Ikaamka yeye akalala."

"Alikuja tayari anaumwa kichwa, Inspekta. Muulize dada yake. Yeye ndiye anayemhudumia, yeye ndiye anayeshika mpira wake wa mkojo. Mimi vitu hivyo sigusi."

Dada wa marehemu alikuwa kwenye benchi ya ukumbini, utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni. Mshonaji. Hakuwa analia. Alikuwa anakunja upindo wa kanga yake na kuukunjua, anakunja na kuukunjua.

"Pole sana, dada," Inspekta alisema, akaketi karibu naye. "Nieleze asubuhi yenu."

"Saa moja nilimwaga mfuko wa mkojo, nikaangalia mpira. Saa mbili nikamleta hapa, nikaenda kazini. Saa nne na kitu napigiwa simu. Nadhani niliangalia mpira. Kulikuwa na gauni la watu linanisubiri, nilikuwa mbiombio. Afande, naogopa niliuacha umepinda."

"Ukipinda inakuwaje?"

"Mkojo unajaa, hauna pa kutokea. Yeye hahisi kibofu, lakini mwili unajua. Presha inapanda kama maziwa jikoni. Kichwa kinamgonga, jasho linamtoka usoni, miguu inaruka yenyewe. Hospitali walitufundisha: ukiona hivyo, kabla ya jambo lolote, angalia mpira." Upindo wa kanga ukakunjwa tena. "Nimemuua kaka yangu kwa gauni la watu."

"Usijihukumu, hiyo si kazi yako. Huku mlifuata nini?"

"Mabega. Kusukuma magurudumu kutwa kulimmaliza. Kuna mzee hapa anachua, asiyeona. Mikono yake ni dawa. Ndugu yangu akaanza kulala vizuri. Kutembea hatukuomba, hiyo ni ahadi ya Profesa mwenyewe. Mwanzoni kaka alikuwa anamcheka. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia ninunue viatu."

Inspekta akainuka haraka. Hakutaka dada huyu aone uso wake.

Mchana, katika chumba cha maiti, daktari wa polisi alimwonyesha vitu viwili.

"Kwanza, mshipa wa damu umepasuka kichwani. Presha ya kutisha. Tumboni kuna maji ya mizizi, vikombe vitatu au vinne, ya kukojoza."

"Na mfuko wa mkojo?"

"Umejaa; mkojo ulizuiwa kwanza, ukatoka mwishoni kwa mkupuo. Lakini tazama mpira wenyewe." Akauinua kwa koleo. "Haukupindwa. Umebanwa. Kuna alama za meno huku na huku, ya juu na ya chini. Kitu kimeuma hapa kwa muda mrefu, kisha kikaachia."

"Kitu gani?"

"Ndilo la pili hilo. Njoo huku." Akafunua paja la kushoto. Kwenye ngozi palikuwa na chapa nyekundu iliyoiva: mistari miwili sambamba, na kiduara kidogo katikati. "Kilikuwa chini ya suruali ya kubana, kimegandamizwa kwenye nyama. Alipata alama hii akiwa hai. Mimi na wewe tungepiga kelele dakika ya kwanza. Yeye hakuhisi."

Inspekta aliitazama chapa ile kwa muda. Alikuwa na ugonjwa mmoja wa tangu utoto, alioambukizwa na bibi yake: jambo likimshinda, aliligeuza kitendawili. Hasikii, lakini amesikia. Hana kalamu, lakini ameandika. Ni nani?

Paja la fundi.

Nje ya chumba cha maiti Sajini alikuwa anamsubiri, simu mkononi, mtu mzima mwenye mvi aliyechukia simu kama anavyochukia mbwa wa watu. "Afande, huyu Profesa ana ukurasa wake mtandaoni. Tazama video aliyorusha saa nne na nusu."

"Saa nne na nusu fundi alikuwa ameshakufa."

"Ndiyo maana nakuonyesha."

Muziki ulikuwa umewekwa juu, maneno hayasikiki. Fundi alikuwa ameegemezwa kitandani. Uso mwekundu, jasho linachuruzika, midomo inasema kitu kilekile tena na tena. Na chini, ndani ya viatu vipya, miguu ilikuwa inaruka kama samaki aliyetupwa ufukweni. Mikono ya Profesa ilikuwa inapiga makofi. Maandishi yalisema: Miguu imeamka. Watu elfu tisa walikuwa wameipenda.

Inspekta alimrudishia Sajini simu taratibu sana. Alihofia angeipiga ukutani.

Mzee mchuaji walimkuta uani, anaanua taulo kwa kupapasa kamba.

"Mzee, shikamoo. Mimi ni Inspekta."

"Marahaba, mwanangu. Nimekujua kwa viatu. Unakanyaga kama mwenye hasira."

"Ninayo. Nitegulie kitendawili: hana mikono, anashika nguo za watu."

Mzee akasimama na taulo lake. "Kibanio," akajibu. "Na wewe umekuja kukihesabu."

"Unavyo vingapi?"

"Kumi na viwili. Nguo hizi naanika mimi, navijua kwa vidole. Leo vipo kumi na kimoja."

"Ulikuwemo chumbani asubuhi?"

"Nilikuwa nachua mabega. Nikasikia kibanio kinabana, tak. Nikashangaa, kibanio ndani ya nyumba kinafanya nini? Baadaye mkono wangu ukafika tumboni, nikakuta pamevimba, pagumu kama ngoma. Nikasema, Profesa, huyu amejaa. Akaniambia nenda ukaanike taulo, ukizidisha maneno utatafuta pa kula pengine."

"Ukaenda."

"Nikaenda." Mzee alikunja taulo. "Nikiwa mlangoni nikamsikia fundi. Alikuwa anasema, fungua, kichwa kinapasuka, fungua. Nimekaa na hilo tangu asubuhi, mwanangu. Niandikie, nitatia kidole gumba."

Saa kumi jioni Profesa aliketi ng'ambo ya meza ya mahojiano kituoni, koti bado jeupe. Inspekta alimpa onyo lake la kisheria, kisha akaweka mezani picha ya paja.

"Unaijua chapa hii?"

"Hapana."

"Toa vilivyomo mifukoni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuomba vizuri. Sajini hapa huwa haombi vizuri."

Kalamu. Leso. Funguo. Mkono ukasita kwenye mfuko wa tatu. Sajini akakohoa. Kikatoka kibanio cha nguo, cha buluu. Inspekta alikichukua kwa kitambaa, akakilaza juu ya picha. Mistari juu ya mistari, kiduara juu ya kiduara.

"Ulisema mpira hugusi."

"Ni kibanio tu. Kila nyumba ina vibanio."

"Alama za vidole vya nani tutazikuta kwenye mpira?"

Profesa alianza kurudisha funguo mfukoni.

"Dada yake yuko nje," Inspekta alisema. "Tangu asubuhi anaamini amemuua ndugu yake wa tumbo moja. Ulimtupia mzigo huo huku maiti ina joto bado. Kisha ukakaa ukaweka muziki. Sasa nieleze, ulibana kwa nini?"

"Sikutaka afe."

"Sikukuuliza ulichotaka."

Koti jeupe likalegea mabegani.

"Kulikuwa na binti, mwaka jana," alisema. "Yeye mpira wake ulijipinda wenyewe. Miguu ikaanza kuruka. Watu waliokuwepo wakalia kwa furaha, wakasema nimemponya. Mama yake ni muuguzi, akaja akanyoosha mpira, miguu ikatulia, kichwa kikapoa. Akanitukana. Akanieleza kila kitu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ulijua inaweza kuua."

"Huwa nafungua mapema. Dakika chache tu, narekodi, nafungua. Nimefanya kwa wagonjwa saba, hakuna aliyedhurika. Leo…" Akajifuta paji la uso kwa leso. "Leo miguu ilikuwa inacheza vizuri. Nikasema ngoja kidogo."

"Alikuomba ufungue."

"Aliniomba, ndiyo. Nikamwambia avumilie, mishipa inaamka." Sauti ikashuka. "Akatabasamu, Inspekta. Aliniamini. Akaacha kuomba."

Sajini, aliyeona mengi katika miaka yake, aliweka kalamu chini na kutoka nje bila kuaga.

Inspekta alimalizia maelezo mwenyewe, akamsomea kwa sauti neno kwa neno, akasubiri sahihi. Kisha akaenda kwenye benchi ya nje ya kituo, alikokuwa anasubiri dada.

"Mpira haukupinda, dada. Uliuangalia. Ulibanwa kwa kibanio cha nguo baada ya wewe kuondoka, na aliyebana amekiri."

Dada aliuachia upindo wa kanga.

"Kwa nini?"

"Ili miguu iruke. Arekodi. Sauti yake akaifunika kwa muziki, akairusha mtandaoni, watu elfu tisa wakaipenda."

Mshonaji akautoa utepe shingoni, akauzungusha kwenye kiganja mpaka ukawa mduara mdogo mgumu.

"Ile miguu ilikuwa inatuita," alisema. "Mdomo umezuiwa, ikapiga kelele yenyewe. Na watu elfu tisa wakapiga makofi." Akainuka. "Nirudishie vile viatu, afande. Nilivinunua mimi. Sitaki avivae tena."