Siku Jua Lilipozaa Mapacha

Aliyenieleza jambo hili ni Gesare, jirani yangu hapa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, Kericho. Jana aliniachia mtoto wake Makori, wa miezi mitano, akaenda kuchuma majani.

Jua likielekea kutua, wachumaji waliona madoa mawili ya mwanga mkali, moja kila upande wa jua.

"Leo jua limezaa mapacha," mchumaji mwenzao Joab akatania. Wenzake wakaendelea kuchuma.

"Mama Jentrix, kikapu kilikuwa na joto mgongoni," Gesare aliniambia jioni. "Sikujali, maana majani yakishindiliwa hupata joto. Kisha kitu kikalia ndani."

"Paka?"

"Paka gani! Mtoto. Na mimi kwa mazoea nikajitikisa nikisema, 'Nyamaza, baba.' Kikanyamaza. Nilipomwaga majani kwenye mizani, hakukuwa na kitu kingine ndani."

Nilishindwa kumwambia kwamba wakati huo Makori alikuwa akilia mikononi mwangu, akanyamaza ghafla.

Leo asubuhi Gesare alimleta tena, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Hajalia tangu jana, hata kwa njaa. Nikikosa kazini watampa mwingine nafasi yangu. Mwangalie, tafadhali."

Alipoondoka, nilimfinya mtoto mguu kidogo. Alifungua mdomo wote, machozi yakamtiririka, lakini sauti haikutoka kwake. Ilitoka kule bondeni, katikati ya michai, ambako hakuna mchumaji aliyekuwa amefika bado.