Maumivu ya Tumbo Yaliyopanda Begani

Bi Pasi ananyoosha nguo za watu. Jina hilo alipewa na wateja, naye amelizoea. Meza yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Anaishi na mume wake, fundi baiskeli, na mtoto wao mchanga. Mama yake mzazi alihamia hapo kumsaidia kulea.

Baada ya kujifungua, Bi Pasi alianza kuumwa tumbo. Maumivu yalikuja akishakula, hasa chakula chenye mafuta mengi. Yalimbana chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka bega la kulia. Alitapika. Kisha yalitulia, naye akarudi kwenye pasi yake.

Nyumbani waliyagawa maumivu hayo mafungu mawili. Tumbo walisema ni vidonda vya tumbo. Bega walisema ni uchovu wa pasi. Mume alileta dawa ya vidonda kutoka dukani. Mama alimkanda bega kwa taulo la moto.

"Mke wangu ananyoosha nguo za mtaa mzima," mume alitania, "mwenyewe amejikunja kama shati la jana."

"Cheka tu, baba. Bega lingekuwa lako, ungelala kutwa," Mama alimjibu.

Asubuhi moja maumivu yaligoma kutulia. Bi Pasi alitetemeka kwa homa. Hakuweza hata kumbeba mtoto. Mama aliinjika maji ya kukanda. Ndipo jirani yao, muuguzi wa hospitali, akaja kuchukua sare zake.

"Hodi! Sare zangu zime... Heh! Bi Pasi, una nini?"

"Vidonda, dada. Leo vimeamka vibaya."

"Nani alikupima?"

Mume alimtazama Mama. Mama alitazama taulo.

"Tulijua tu," mume akasema.

Muuguzi alinawa mikono. Alimlaza mgonjwa chali, akaweka vidole chini ya mbavu za kulia.

"Vuta pumzi ndefu."

Bi Pasi alivuta, ikakatika katikati. "Aah! Hapo hapo!"

"Na bega?"

"Hilo ni la pasi," Mama akadakia.

"Mama, ngoja kwanza aseme mwenyewe. Bega linauma ukipiga pasi, au linauma tumbo likiuma?"

Bi Pasi alifikiri. "Tumbo likianza, na bega linaanza. Hata siku ambayo sijashika pasi."

"Basi huenda ni ugonjwa mmoja. Chini ya ini kuna kifuko cha nyongo. Nyongo inasaidia kusaga mafuta. Vijiwe vinaweza kujitengeneza humo. Kimoja kikiziba mlango, kifuko kinavimba. Maumivu yake huenda mpaka begani. Lakini vidole vyangu havitoshi. Apimwe leo."

"Si tumkande kwanza, apate nafuu?"

"Mama, ana homa. Kifuko kikipasuka, uchafu wake unaenea tumboni. Watu wanakufa hivyo."

Mama aliweka taulo chini. Mume alikuwa ameshatoka kutafuta gari.

Hospitalini walimtoa damu, wakampima kwa altrasaundi. Daktari alimpaka tumboni jeli nzito ya baridi, akapitisha kifaa kidogo juu yake. Kwenye skrini vijiwe vilionekana. Ukuta wa kifuko ulikuwa umevimba.

"Tunaanza dawa sasa hivi," daktari wa upasuaji alisema. "Halafu tutakitoa kifuko."

Mama alikumbatia mjukuu. "Mtampasua tumbo zima? Wifi yangu walimkata kutoka hapa mpaka hapa! Huyu ananyonyesha, daktari."

"Siku hizi mara nyingi tunatoboa matundu madogo. Tunaingiza kamera nyembamba na vifaa, tunakitoa. Ikiwa ni vigumu, tutafungua zaidi kwa usalama wake."

"Si apoe kwanza, arudi baadaye?"

"Zamani wengi tulifanya hivyo. Utafiti ukaonyesha kwamba wengine huzidiwa wakiwa wanasubiri. Sasa, hali ya mgonjwa ikiruhusu apasuliwe, tunakitoa mapema."

"Na chakula atakisaga kwa kitu gani?"

"Nyongo inatengenezwa na ini, Mama. Ini linabaki. Kifuko ni ghala tu."

Bi Pasi alisaini fomu ya kukubali upasuaji. Walipomsukuma kwenda chumba cha upasuaji, Mama alibaki kwenye benchi akimbembeleza mtoto. Mtoto alikuwa amelala tangu mapema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bi Pasi alipozinduka sawasawa, daktari alimruhusu kunyonyesha. Tumboni alikuwa na plasta ndogo nne.

"Hizi tu?" Mama aliuliza. Akazihesabu tena.

Bi Pasi alipumzika nyumbani, bila kunyanyua vitu vizito, mpaka vidonda vya upasuaji vikapona. Kisha alirudi kwenye meza yake. Anakula vizuri. Bega haliumi tena, na hakuna anayelikanda.

Si kila maumivu ya tumbo ni vijiwe, na si kila kijiwe kinahitaji upasuaji. Lakini maumivu yanayorudi yapimwe. Yakija na homa, macho ya manjano au kutapika kusikokoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiyape jina ukiwa nyumbani.

Juzi mteja alileta mashati huku ameshika tumbo. "Vidonda vyangu hivi," alilalamika.

"Umepimwa, au umejipima?" Mama akauliza.

Mume akacheka. "Mama, utatukimbizia wateja."

"Waache wakimbie," Mama akasema. "Ila wakimbilie hospitali."