Wapenzi wa Kwenye Pagale

Mie kazi yangu kuvizia wapenzi. Msinifikirie vibaya. Nina kamera ya lenzi ndefu, nakaa mbali, nawanasa watu wakiwa wamejisahau: jamaa anamfunga mwenzie kamba za kiatu, dada anamlisha mtu mahindi ya kuchoma. Nikishapiga ndo nawafuata, nawaonyesha, wakipenda nawatumia kwenye simu. Siku hizi Dar nzima inataka picha za namna hiyo, eti mji wa mahaba. Miaka sita nimewapiga watu wakipendana, mpaka nimechoka na mapenzi yenyewe.

Kwangu hayakuwepo. Mie na mke wangu, Khulud, tulikuwa tunasalimiana tu kama wapangaji. Sikumkosea, hakunikosea. Tulichoka. Lakini nilimpenda, wallahi, na kila siku nilijiambia kesho nitakaa naye tuzungumze.

Alhamisi moja, magharibi inakaribia, nilipanda kilima cha Madale, karibu na nyumbani. Kuna pagale pale, ghorofa lililoachwa bila paa, na vijana wanapenda kukaa kwenye ngazi zake wakitazama taa za Tegeta. Siku hiyo walikuwepo wawili tu, wamenipa mgongo. Mwanamume wa kanzu nyeupe. Mwanamke kajitanda mtandio wa kijani, kamlalia begani, anacheka.

Kicheko kizuri mno.

Nikapiga. Moja, mbili, tatu... Mara hewa ikabadilika. Lile pagale siku zote linanuka mkojo wa mbuzi. Sasa likawa linanukia udi. Na kelele za mtaani zikakatika zote, hata za bodaboda.

Mwanamume hakugeuka. "Unatupiga picha?"

"Ndiyo, braza. Endeleeni tu, mie msinijali." Ndivyo ninavyowaambia wateja wote.

"Tuendelee?"

"Endeleeni."

"Umeridhia?"

"Nimeridhia."

"Umeridhia kweli?"

Jamani, nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, miguu inawaka moto. "Nimeridhia, bwana! Mpaka mara ngapi?"

"Mara tatu zinatosha," akasema, taratibu kabisa.

Nikainama kutazama kioo cha kamera, nikaikuza picha ya mwisho. Mwanamke alikuwa kageuza uso kidogo, kinywa wazi, mwanya wake unaonekana.

Khulud.

Nikainua macho. Ngazi tupu.

Sijui nilishukaje kile kilima. Nilimkuta kalala kitandani, kajitanda mtandio wa kijani, nyayo zimejaa vumbi la saruji. Chumba kizima kinanukia udi, na sie hatufukizi, unambana Khulud kifua. Jirani yetu Auleria, aliyekuwa anaanua nguo uani, akaniapia kwamba mke wangu hajatoka ndani tangu alasiri.

Nikamtikisa. Akafungua macho, akanitazama, machozi yakamtoka.

"Mbona umeniamsha?" akanong'ona.

Kesho yake nikaenda Kurasini kwa shangazi yake, Bi Widad. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha picha. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Huyu alimtaka Khulud tangu akiwa mwari," akasema kwa sauti ya chini. "Alimposa kwa baba yake, ndotoni. Baba yake akakataa. Hawa majini hawavunji mlango, mwanangu. Wanapiga hodi. Sasa kaja kwa mume."

"Mie sikujua, shangazi!"

"Ulimjibu, hukumjibu?"

Nikamuuliza nifanyeje.

Dawa yake nyepesi, alisema. Alhamisi Khulud atalala tena. Nimshike mkono, nimwite jina, niseme "nimekataa" mara tatu, isipite adhana ya magharibi. Na niseme kwa moyo, maana wale wanausikia moyo kabla ya mdomo. Ikipita, yule atakuwa kampata moja kwa moja.

Wiki nzima Khulud alipika huku anaimba. Hakuniimbia mie, najua. Alhamisi baada ya alasiri akajilaza. Nikakaa pembeni yake, nikamshika mkono. Akaanza kucheka usingizini, kicheko kilekile. Miaka mingapi sijakisikia humu ndani? Nikajiuliza, nikimrudisha, namrudisha kwenye nini? Kwenye chai ya kimya, na mume anayeingia, anavua viatu, analala? Roho ikaniuma. Nikasema, ngoja acheke kidogo. Dakika tano tu.

Nilikuwa nimechoka. Nikasinzia.

Adhana ya magharibi ndo iliyoniamsha.

Leo Jumamosi, Khulud hajaamka. Daktari kaja, kapima, kasema moyo uko sawa, kalala tu. Bi Widad kaja, kasimama mlangoni, kaondoka bila kuniaga. Nimeshasema nimekataa mara mia. Nimepiga magoti, nimelia, nimemwita mpaka sauti imekauka. Anapumua. Anacheka.

Ila kila nikimwita, kicheko kinakatika kidogo... Na upande wa pili wa kitanda, pasipo na mtu, godoro linabonyea. Kisha naisikia ile sauti, taratibu kabisa.

"Mwache alale, kaka. Na wewe pumzika."