Mrija Mkavu

Yai la kwanza lilikuwa bovu. Hivyo ndivyo likizo ya Suzan na mume wake Derick ilivyoanza, saa mbili asubuhi pale Biharamulo, jua limeshapanda na kuanika kila uchafu wa meza ya mgahawa. Suzan alipasua ganda, harufu ikampiga usoni, na chai aliyokuwa ameinywa ikapanda mpaka kooni. Mhudumu alilichukua lile yai, akalinusa na yeye, kisha akasema, "Mengine yako sawa, dada." Ati mengine yako sawa!

Suzan alikuwa mtu wa maabara huko Mwanza. Kazi yake ilikuwa kupima makohozi. Asubuhi mpaka jioni aliletewa vikopo vya makohozi ya watu, akayapaka kwenye vioo, akayatazama kwa hadubini. Miaka sita ya kazi hiyo ilikuwa imemharibu. Hakuweza kushika glasi bila kuwafikiria wote waliotangulia kuinywea. Na mwaka huu mmoja kinyaa kilikuwa kimeingia mpaka chumbani: hakuweza kumbusu mume wake. Alimpenda, tena sana, lakini mdomo ulikataa. Derick alivumilia mpaka akachoka. "Siwezi kuishi na mke anayeniona kama kikopo," alisema siku moja, na wala hakupaza sauti.

Wakakubaliana wachukue siku saba. Waende Ngara kwao Derick, waone maporomoko ya Rusumo, wale, wacheke. Siku saba zikiisha hali ikiwa ile ile, kila mtu ashike njia yake. Suzan alikuwa ameapa moyoni kwamba busu halitafika siku ya pili. Leo leo, hata kama ni kwa kufumba macho.

Basi baada ya yai likaja gari. Waliliazima kwa Juvenali, binamu yake Derick, ambaye hulibebea magunia ya dagaa. Jua lilipolikolea bati, dagaa wa tangu mwaka jana wakafufuka kwenye viti. Nyakanazi wakasimama, Suzan akaingia choo cha shimo nyuma ya vibanda vya chakula, na kandambili yake moja ikatumbukia. Alisikia ilivyotua. Hakutaka kujua imetua juu ya nini. Derick alimcheka mpaka akajifuta machozi, akamnunulia nyingine, na kwa muda ule mfupi, wamesimama juani huku malori yakipita, walikuwa kama zamani.

Kisha, mbele kidogo ya Nyakanazi, tairi likapasuka. La akiba halikuwa na upepo. Derick alimpandishia bodaboda matairi yote mawili ayarudishe kwa fundi, wakabaki wawili barabarani, saa nane mchana, jua la Julai limesimama utosini. Maji ya kunywa yalikuwa yameisha.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba moja ya tope katikati ya migomba. Bibi kizee alikaa kibarazani, mbele yake chungu.

"Shikamoo, bibi," Derick alisalimu.

"Marahaba, wanangu. Kalibuni kivulini. Jua hili baya."

Walikaa. Chungu kilikuwa cha pombe ya mtama, povu la kijivu juu, na nzi wawili wakiogelea. Bibi aliwapuliza nzi pembeni, akaushika mrija wake mrefu wa tete, akanyonya kwanza yeye. Ndiyo desturi ya huko: mwenyeji huonja mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna sumu, kisha humpa mrija ule ule. Kuukataa ni kumwita mwenye nyumba mchawi.

Bibi aliutoa mrija mdomoni. Uzi wa mate ukavutika kutoka kwenye mdomo mpaka kwenye tete, ukameta juani... haukukatika. Akamnyooshea Derick.

Derick ni mtoto wa huko. Aliunyoosha mkono bila kusita.

Suzan aliuona ule uzi. Aliziona fizi nyeusi, na jino moja la kahawia lililobaki peke yake. Akawaza: mdomo utakaokwenda pale ndio nitakaoubusu mimi leo. Aliinuka, na juu ya mlango akaona mrija mwingine umechomekwa kwenye tope. Mkavu. Msafi. Hauna hata vumbi. Akauchomoa, akautumbukiza mwenyewe kwenye chungu.

"Tumia huu, mume wangu."

"Su, huo hatujapewa..."

Bibi aliacha kuwapuliza nzi. Aliutazama mrija, akamtazama Derick, akainamisha macho. Na Derick alikuwa na kiu. Akanyonya.

Kwii... kwii... kwii...

Hakuacha. Povu lilishuka, pombe ikashuka, naye hakupumua hata mara moja. Mashavu yalibonyea ndani. Nzi waliondoka juu ya chungu wakatua mdomoni mwake, pembeni pembeni, wala hakuwafukuza.

"Derick, basi."

Kwii...

Harufu ikaja. Haikuwa ya pombe. Ilikuwa ya ugoro uliolowa, na ya kinywa kilichofungwa muda mrefu.

Aliuachia mrija. Midomo yake ilikuwa imekunjamana kuingia ndani, kama ya mtu asiye na meno, ingawa meno yake yote yalikuwapo. Mate ya kahawia yalimtiririka kidevuni, naye akayalamba, akayarudisha.

"Agripina," alisema.

Bibi hakuwa amewatajia jina lake. Aliinuka, akakaza kitenge kiunoni, akaitika kwa adabu kama mke kijana. Wakaongea Kihangaza, lugha ambayo Suzan, mwana wa Mwanza, hakujua hata neno lake moja. Derick alicheka. Kicheko kilikuwa cha mzee, na kilimaliziwa na kikohozi. Alitema mate karibu na mguu wa Suzan bila kumwangalia.

"Bibi..." Suzan alinong'ona. "Ana nini?"

"Huyo Pancras. Mzee wangu. Amezikwa migombani hapo nyuma, mwaka wa tisa sasa." Bibi alionyesha kwa kidevu. "Mlija ule ni wake. Nauosha kila siku."

"Kwa nini hukusema?"

"Mgeni hunywa anachopewa, mwanangu. Mimi nilimpa wangu."

Derick alikuwa amesimama. Alitembea kwa kuburuta mguu wa kushoto kuelekea mlangoni, na bibi akatangulia kumwekea sawa mkeka uliokuwa ndani. Suzan alimshika mkono mume wake. Ulikuwa baridi, na jua lote lile.

"Akivuka kizingiti hatoki," bibi alisema kutoka ndani. Alisema polepole, kama mtu anayesema kweli kwa shingo upande. "Unamtaka wako? Mvute wangu. Aliingia kwa mdomo, atatoka kwa mdomo. Mke ndiye anayeweza. Lakini usiteme. Ukitema, anarudi."

"Na nikimeza?"

"Ukimeza, mume wako anapona."

Derick aliinua mguu.

Suzan alimgeuza. Mate ya kahawia yalikuwa yameganda pembeni mwa midomo, na nzi mmoja alikuwa akitembea juu ya fizi, ndani, bila haraka. Suzan alitaka kutapika. Alitaka kukimbia mpaka barabarani asimamishe lori lolote. Alimpenda mwanaume huyu, na hakuna kitu duniani kilichomchukiza kama mdomo ule. Akafumba macho. Akaweka mdomo wake juu ya ule.

Akavuta.

Ugoro kwanza. Kisha usaha wa jino. Kisha maji ya chungu ambayo hayajamwagwa siku nyingi... Kitu laini kikaanza kusogea kutoka kooni kwa Derick. Kilikuwa baridi na kizito, kama ulimi wa pili. Kiliingia mdomoni mwa Suzan, kikajigeuza, kikatulia juu ya ulimi wake.

Akameza. Kikarudi.

Akameza tena. Kikakwama kifuani.

Mara ya tatu kikashuka.

Derick alianguka akakaa chini, akakohoa, akamtazama. Macho yalikuwa yake. "Su? Kuna nini? Mbona unalia?" Kisha uso wake ukafunguka taratibu. "Umenibusu," alisema. "Wewe... umenibusu."

Bodaboda alirudi na matairi, wakafunga moja, na Derick alifanya kazi ile akipiga mluzi. Suzan alikwenda kumuaga bibi, maana hata katika balaa mtu huaga. Bibi alimshika mkono kwa viganja viwili, akamtazama usoni kwa upendo ambao Suzan hakuuelewa ni wa nini, akasema jambo fupi kwa Kihangaza.

Suzan alikuwa amefika garini ndipo alipogundua kwamba amelielewa.

Bibi alikuwa amesema: Usichelewe kurudi nyumbani, mzee wangu.

Maporomoko hawakuyaona. Waliingia Ngara mjini jua likizama, wakapata chumba kizuri kilimani, shuka safi, dirisha linalotazama mabonde. Derick alioga, akatoka akiimba. Suzan alikuwa amepiga mswaki mara nne. Alikaa ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima alitaka mume wake amsogelee, amshike, amwambie yamekwisha.

Derick alisogea. Alimshika uso kwa mikono miwili, akambusu.

Akaacha.

Alirudi nyuma hatua moja, mgongo wa mkono juu ya midomo yake. Alijaribu kutabasamu. Akatoka nje. Kupitia dirishani Suzan alisikia bomba la uani likifunguliwa, mtu akisukutua, akitema... akisukutua tena, akitema.

Derick aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Su," aliuliza kwa sauti ya chini, ya huruma, "leo umekula nini?"

Suzan hakuthubutu kufungua mdomo. Humo ndani, ulimi ulikuwa ukipita juu ya meno yake, moja baada ya jingine, polepole, ukirudia, kwa furaha ya mtu aliyekaa miaka mingi bila hata jino moja. Na hakuwa yeye aliyeusogeza.